Historia ya mwanga usiotulia ndani ya mkongo

Najua nimeadimika, test zilikuwa zinaongozana kama daladala za jioni. Leo sina stori za boom wala za kantini. Nina historia, tena historia ya kitu kidogo mno kinachotokea ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Mainjinia walikipuuza, baadaye wakakiogopa, baadaye wakakiweza, na sasa kuna watu wanakitumia kusikiliza matetemeko ya ardhi chini ya bahari. Mliosoma PCM mnaikumbuka polarizesheni, ile mada ya mwanga ambayo mwalimu aliipitia mbio mbio kwa sababu mtihani ulikuwa mlangoni. Ndiyo hiyo hiyo. Mliosoma HGL tulieni, fomula sileti.

Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mti, shika ncha nyingine utikise. Ukitikisa juu na chini, wimbi linakwenda limesimama. Ukitikisa kushoto na kulia, linakwenda limelala. Ukizungusha mkono, linakwenda linajiviringisha kama skrubu. Mwanga nao ni mtikisiko wa namna hiyo, na ule upande unaotikisikia ndio tunauita polarizesheni. Macho yetu hayaoni tofauti, kwa hiyo binadamu ameishi na jambo hili miaka yote bila habari.

Wa kwanza kujikwaa nalo alikuwa Mdenishi, Rasmus Bartholin, mwaka 1669. Alipata fuwele angavu kutoka Iceland, akaiweka juu ya maandishi, akaona kila neno liko mara mbili. Hakujua kwa nini. Ilipita karne nzima na zaidi, mpaka mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, injinia wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amekwenda na Napoleon mpaka Misri, alipochungulia kupitia fuwele kama hiyo akiangalia jua linavyomeremeta kwenye madirisha ya kasri la Luxembourg, Paris. Akaizungusha. Moja ya zile picha mbili ikafifia. Neno polarizesheni tumelipata kwake. Baadaye Fresnel akaonyesha kwamba mwanga unatikisika kwa kukingama na njia yake, na mwaka 1845 Michael Faraday kule London akagundua kwamba sumaku inaweza kugeuza upande huo mwanga ukiwa unapita kwenye kioo. Huyu Faraday mtunzeni, radi ikipiga tutamhitaji.

Sasa turuke mpaka 1966. Charles Kao na George Hockham, wakiwa Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kubeba simu, na kiwango walichotaja ni desibeli 20 kwa kilomita. Maana yake, baada ya kilomita moja ibaki asilimia 1 ya mwanga. Unaona walikuwa wanaomba kidogo tu, lakini kioo cha wakati ule hakikufika hata hapo. Mwaka 1970 watu watatu wa Corning, Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakafika desibeli 17. Kao alikuja kupewa Nobel mwaka 2009.

Faiba iliyokuja kutawala safari ndefu inaitwa ya modi moja, yaani mwanga una njia moja tu ya kupita. Hilo jina lina uongo ndani yake. Njia ziko mbili, moja kwa kila upande wa mtikisiko. Kama kiini cha faiba kingekuwa duara kamili, hizo mbili zingekwenda mwendo mmoja na tusingekuwa na cha kuongea leo. Lakini kiini hicho kina upana wa mikromita 8 au 9 hivi, na hakuna kiwanda kinachotoa duara kamili la kiasi hicho kwa maelfu ya kilomita. Panaminywa hapa, panapinda pale, mkongo unalazwa kwenye mtaro wenye mawe, jua linauchoma mchana na usiku unapoa. Kila kipande kinakuwa kama ile fuwele ya Bartholin, ila dhaifu sana: upande mmoja wa mtikisiko unachelewa kidogo kuliko mwingine. Ukiunganisha vipande kama hivyo kilomita mia, kila kimoja kimeelekea kwake, mwanga ulioingia umesimama unaweza kutoka umelala, au unajiviringisha. Na kesho asubuhi, joto likibadilika, utatoka vingine kabisa. Mtumaji hajagusa kitu.

Mwanzoni hilo halikumnyima mtu usingizi. Kipokezi cha miaka ya 1970 na 1980 kilikuwa kama mlinzi wa geti anayehesabu vichwa bila kuangalia sura: mwanga upo ni moja, haupo ni sifuri. Ulikuja umesimama au umelala, shauri yako. TAT-8, mkongo wa kwanza wa faiba kuvuka Atlantiki mwaka 1988 kuunganisha Marekani na Uingereza na Ufaransa, ulifanya kazi hivyo, megabiti 280 kwa sekunde kwa kila jozi ya faiba, na polarizesheni ilikuwa inageuka humo ndani kila siku bila mtu kuiuliza.

Waliouliza ni kikundi kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na watafiti waliotaka vipokezi vya kohirenti, yaani mwanga unaofika unachanganywa na mwanga wa leza iliyoko hapo hapo kwenye kipokezi, kama redio inavyofanya na mawimbi. Faida yake ni kwamba unasikia ishara dhaifu mno. Kasoro yake, mianga hiyo miwili lazima itikisike upande mmoja. Ikikingamana, husikii kitu, ishara imepotea mikononi mwako. Kwa hiyo swali likawa la maana ghafla: polarizesheni ndani ya mkongo uliozikwa inageuka haraka kiasi gani? Wakaenda kupima, na majibu yakawatuliza. Chini ya udongo mambo ni taratibu, dakika mpaka masaa, ikifuata joto la mchana na usiku. Basi wakaunda vifaa vya kuminya faiba na kuizungusha ili kuirudisha sawa. Vilifanya kazi, lakini vilikuwa vya maabara zaidi kuliko vya kibanda cha simu. Halafu mwaka 1987 watu wa Southampton na wa Bell Labs wakaleta amplifaya ya faiba yenye madini ya erbiumi, inayokuza mwanga bila kuugeuza umeme kwanza. Ishara dhaifu ikaacha kuwa tatizo. Kohirenti ikawekwa kabatini, ikakaa humo miaka karibu 20.

Hapo ndipo kisirani kikaanza upande wa pili.

Mwaka 1986 Craig Poole na R. E. Wagner wa Bell Labs walitoa makala fupi iliyobadilisha namna ya kulitazama tatizo. Walisema, hata kama faiba ndefu imejaa fujo, kuna pande mbili maalumu za kuingizia mwanga ambazo zinatoka bila kuchafuka, na kati ya hizo mbili moja inafika kabla ya nyingine. Tofauti hiyo ya muda ndiyo sumu yenyewe. Biti moja inagawanyika, nusu inafika mapema, nusu inachelewa na kumkanyaga mwenzake wa nyuma.

Tupige hesabu kidogo (nilisema fomula sileti, hesabu ya dukani sikuikataa). Ucheleweshaji huu haukui sawasawa na urefu, kwa sababu vipande vimeelekea hovyo na vingine vinafuta kazi ya wenzake. Unakua kwa kipeuo cha pili cha urefu. Faiba nzuri ya leo unaweza kuipa pikosekunde 0.1 kwa kilomita ya kwanza. Kwa kilomita 400 kipeuo ni 20, unapata pikosekunde 2. Faiba ya zamani ya miaka ya 1980 yenye pikosekunde 1 inakupa 20. Kwenye gigabiti 10 kwa sekunde biti moja ina urefu wa pikosekunde 100, na kanuni ya mafundi ni usivuke moja ya kumi, yaani 10. Umeshafeli. Ukienda gigabiti 40, biti ina pikosekunde 25, na kile ulichonacho ni 20. Hapo hamna mawasiliano, ni kelele.

Na faiba hizo zilikuwa zimeshazikwa. Makampuni ya simu ya Ulaya na Marekani yalikuwa na maelfu ya kilomita ardhini, pesa imeshalipwa, halafu mwanzoni hakuna aliyekuwa amepima kitu hicho kwa sababu hakikuwa kinaumiza. Viwanda vilijirekebisha katika miaka ya 1990 kwa ujanja ninaoupenda sana: faiba ikiwa bado laini inavutwa kutoka kwenye tanuru, wanaisokota huku na huku, ili ule upande mbaya usielekee sehemu moja kwa muda mrefu. Lakini hiyo ni kwa faiba mpya. Ya zamani ungeichimbua?

Kibaya zaidi kilikuwa muda. Kitu kibovu kila siku unakizoea, unaweka kirekebishi, yameisha. Hiki kilikuwa kinabadilika. Mwaka 1992 Waitaliano walichapisha vipimo vya jinsi ucheleweshaji huu unavyokwenda ukibadilika kwenye njia ndefu za nchi kavu. Mwaka 1991 Poole na mwanahisabati Gerard Foschini walikuwa wameshaonyesha takwimu zake: thamani yenyewe inaruka ruka, mara nyingi iko karibu na wastani, lakini mara chache sana inapanda mpaka mara mbili tatu ya wastani. Yaani mtambo unaweza kupiga kazi miezi mitano vizuri, usiku mmoja ukalala dakika kumi, ukaamka wenyewe, na fundi akifika hakuti kosa lolote. Mwaka 2000 watu wa chuo cha Chalmers, Sweden, walitoa matokeo ya kufuatilia faiba mbili za mkongo mmoja kwa zaidi ya mwezi. Halafu katika miaka hiyo ya 2000 watafiti wa AT&T wakiwa na Misha Brodsky wakaleta picha ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Walisema mkongo uliozikwa karibu hauchezi, ni kama mbao ngumu. Kinachocheza ni sehemu chache zinazotoka nje: darajani, ndani ya jengo, kwenye kibanda cha mitambo. Wakaziita bawaba. Mlango ni mzito na mgumu, lakini bawaba tatu zinatosha kuupeleka kokote. Ukitaka kujua kwa nini njia ya kilomita mia kadhaa imebadilika mchana, nenda kapime joto la kibanda.

Kwenye mikongo ya nguzoni ndiyo usiseme. Wakanada walipima mwaka 2001 wakaona upepo unaiyumbisha polarizesheni haraka kuliko chochote kinachoonekana ardhini.

Wakati wote huo, kampuni changa zilikuwa zinachipuka kuuza virekebishi: sanduku la vioo na mota ndogo kwa kila rangi ya mwanga, na mkongo mmoja una rangi kadhaa. Bei juu, na mapovu ya soko yalipopasuka mwaka 2001 wengi wakafunga. Gigabiti 40 ikabaki hadithi ya semina.

Suluhisho lilitoka kabatini. Katikati ya miaka ya 2000 chipu zilikuwa zimekua za kutosha, na mtu akakumbuka kohirenti. Ukichanganya mwanga na leza ya pale pale, mara mbili, kwa pande zote mbili za mtikisiko, unapata picha kamili ya mwanga kama tarakimu. Na kikishakuwa tarakimu, kugeuka kwake ni hesabu tu. Unakigeuza nyuma kwa programu. Mwaka 2008 timu ya Nortel ya Kanada, wakiwemo Han Sun, Kuang-Tsan Wu na Kim Roberts, ilionyesha kipokezi cha gigabiti 40 kinachofanya hivyo moja kwa moja, si kurekodi na kukokotoa baadaye. Kilipima mwanga mara bilioni 20 kwa sekunde. Hakikusubiri faiba itulie, kiliifuata inakokwenda.

Na si kufuata tu. Kama unaweza kutenganisha pande mbili hata baada ya kuchanganyika kwenye faiba, basi tuma ujumbe tofauti kwa kila upande. Uwezo unakuwa mara mbili kwa faiba ile ile. Kile kilichokuwa kinaharibu biti kikawa njia ya pili ya barabara.

Wazee wa simu za waya na wa redio walikuwa humo pia, bila kualikwa. Njia moja maarufu ya kipokezi kujifunza kutenganisha pande hizo ilibuniwa na Dominique Godard mwaka 1980, kwa ajili ya modemu za simu. Na yule Foschini wa takwimu za mwaka 1991, mwaka 1996 alitoa makala iliyofungua mlango wa kutumia antena nyingi kwenye redio, ile ambayo leo iko kwenye Wi-Fi ya hosteli. Antena mbili zinasikia mchanganyiko wa ishara mbili, unazitenganisha kwa hesabu. Faiba yenye pande mbili ni tatizo hilo hilo limevaa kioo. Mtu mmoja kayashika yote mawili, na kwenye kozi tunafundishwa kana kwamba hayajuani.

Nortel yenyewe haikufaidi. Januari 2009 iliomba kinga ya kufilisika, na Desemba mwaka huo, ikiwa mahututi, mitambo yake ilibeba gigabiti 100 kati ya Paris na Frankfurt kwa ajili ya Verizon. Mwaka 2010 Ciena ikanunua idara hiyo kwa dola milioni 770 hivi. Hainiingii akilini mpaka leo, wadau.

Kwetu, SEACOM ilishuka Mombasa na Dar Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Zilikuja mlango ukiwa unafunguka. Mikongo mingi ya baharini ya kizazi hicho iliongezewa uwezo baadaye bila kugusa faiba iliyoko baharini, ni mitambo ya ufukweni tu ilibadilishwa kuwa ya kohirenti.

Sasa yule Faraday. Kwenye nguzo za umeme mkubwa, faiba hufichwa ndani ya ule waya wa juu kabisa unaokinga radi. Radi ikipiga waya, umeme mwingi unapita kuizunguka faiba, unazaa sumaku, na sumaku inageuza polarizesheni kama alivyoona Faraday mwaka 1845. Mwaka 2017 watafiti, baadhi wa Ciena, walichapisha vipimo vya nje ya maabara wakilinganisha saa na mahali pa radi: mgeuko wa radiani milioni kadhaa kwa sekunde. Linganisha na masaa ya mkongo uliozikwa. Kwa hiyo chipu zinazoundwa sasa zinapewa mwendo wa kukimbizana na radi.

Kumbuka kitu kimoja hapo. Ili kuirudisha polarizesheni sawa, kipokezi lazima kijue imegeukaje. Namba hiyo inakokotolewa kila mara, inatumika, inatupwa.

Mwaka 2019 Google walimaliza mkongo wao, Curie, kutoka Los Angeles mpaka Valparaíso, Chile, zaidi ya kilomita 10,000. Sakafu ya bahari kuu ni baridi na imetulia, hamna malori wala viyoyozi, kwa hiyo polarizesheni humo imelala kabisa. Valey Kamalov na Mattia Cantono wa Google walianza kuzihifadhi zile namba badala ya kuzitupa. Januari 2020 tetemeko la ukubwa wa 7.7 lilipiga karibu na Jamaica na likaonekana kwenye mkongo wao mmoja, ulioko mbali mno na hapo. Juni 2020 likaja la Oaxaca, Mexico, 7.4, na Curie ikaliandika wazi. Makala ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 2021, ikiongozwa na Zhongwen Zhan wa Caltech: matetemeko 20 hivi katika miezi tisa, pamoja na mawimbi ya bahari yenyewe, bila kuongeza kifaa chochote chini ya maji. Kati ya waandishi yumo Antonio Mecozzi, mtu wa nadharia ya mwanga kwenye faiba, wa chuo kikuu cha L'Aquila, Italia. Mji huo ulipigwa na tetemeko Aprili 2009, wakafa zaidi ya watu 300.

Njia hii ina udhaifu na sitauficha. Mkongo mzima unakuwa sikio moja. Unajua kumetikisika, hujui ni wapi kati ya kilomita elfu kumi. Vipo vifaa vingine vinavyojua mahali kwa usahihi, ila vinahitaji leza maalumu na mara nyingi haviendi mbali na pwani. Mikongo kadhaa ikisikiliza pamoja inaweza kukisia mahali kwa kulinganisha saa.

Desemba 26, 2004, tetemeko la Sumatra lilituma tsunami kuvuka Bahari ya Hindi. Ilichukua masaa kama saba kufika Somalia, na bado iliua mamia ya watu huko, kwa sababu kujua kulikuwepo na taarifa haikuwepo. Kenya waliwahi kuwatoa watu ufukweni. Hapa Dar kuna waliokuwa wanaogelea ambao hawakurudi. Wakati ule pwani yetu haikuwa na mkongo hata mmoja wa kwenda Asia. Leo mikongo ipo, na mitambo ya kohirenti iliyoko ufukweni inakokotoa namba ile ile ya Curie, kisha inaandika nyingine juu yake.

Saa saba ya usiku hii, kesho nina lab asubuhi. Alamsiki.